Skrini za kupakia za GTA San Andreas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha zenye ukungu, vibokisi na rangi zilizoharibika

Majibu haya yanahusu GTA San Andreas ya kompyuta iliyotoka 2005, ile yenye mafaili ya TXD, yaani vifurushi vinavyobeba picha za gemu. Programu ya kuyafungua na kuyahariri tunayoitaja kwa kazi hii ni Magic.TXD. TXD Workshop ya zamani nayo inafaa, ila vitufe vyake vimepangwa tofauti.

Picha za kupakia zinakaa wapi?

Fungua folda la gemu, ingia models, kisha txd. Faili ni LOADSCS.txd. Ndani yake kuna loadsc0 hadi loadsc14, ambazo ndizo picha zinazopita wakati gemu inapakia, pamoja na title_pc_EU na title_pc_US za mwanzo kabisa, na nembo mbili: nvidia na eax. Ukitaka kubadilisha picha ya mwanzo, badilisha hizo title zote mbili, usije ukabaki unajiuliza kopi yako inasoma ipi.

Jambo moja linasumbua wengi: loadsc1 hadi loadsc14 huchanganywa upya kila mara, na upakiaji mmoja hauonyeshi zote. Kwa hiyo usipoiona picha yako mara ya kwanza, haimaanishi imekataa. Wakati wa majaribio, andika namba kubwa kwenye kona ya kila picha. Utajua mara moja ni ipi iliyopita na ni ipi bado.

Kabla ya yote, nakili LOADSCS.txd asilia uiweke pembeni, nje ya folda la gemu.

Picha yangu ni safi nikiifungua kwenye kompyuta, lakini ndani ya gemu ina ukungu. Kwa nini?

Anza na jambo lililo nje ya picha: gemu yenyewe inaendeshwa kwa pikseli ngapi? Ingia kwenye mipangilio ya skrini uangalie. Gemu ikiwa kwenye 800×600, skrini nzima ina pikseli 480,000 tu, na hakuna picha itakayoonekana vizuri zaidi ya hapo. Kioo cha 1366×768 kitapokea picha hiyo ndogo na kuitanua, na kutanua ndiko kunakoleta ukungu. Panga gemu ilingane na kioo chako kwanza, ndipo uilaumu picha.

Kama hapo ni sawa, sababu ya pili ni ukubwa wa tekscha, yaani picha jinsi ilivyohifadhiwa ndani ya TXD. Wengi hubonyeza kitufe cha kubadilisha picha wakidhani kila kitu kimekwenda, kumbe walichoweka ni picha ya 512×512. Bofya jina la picha ndani ya Magic.TXD, ukubwa wake huandikwa hapo hapo.

Sababu ya tatu ni picha kubadilishwa ukubwa mara nyingi. Umeipunguza ili kuituma, mwenzako akaikuza kidogo, wewe ukaikata na kuikuza tena. Kila hatua kama hiyo huchanganya pikseli za jirani, na kilichochanganywa hakitenganishwi tena. Rudi kwenye picha ya kwanza kabisa, ubadilishe ukubwa mara moja tu, moja kwa moja hadi kipimo cha mwisho.

Ya nne ni mipmapu, yaani nakala ndogo ndogo za picha ile ile zinazohifadhiwa ndani ya tekscha. Kwa ukuta wa jengo lililo mbali ni jambo jema. Kwa picha inayojaza skrini nzima hazina kazi, na kadi ya picha ikichagua nakala ya nusu badala ya ile kamili, unapata ukungu usioelezeka. Kwenye menyu ya Edit kuna amri ya kuzifuta, zifute.

Niweke ukubwa gani hasa?

Tumia vipimo ambavyo ni vipeo vya 2: 512, 1024, 2048. Urefu na upana si lazima vilingane. Hapa ndipo watu wengi hupoteza ubora bila sababu, kwa kudhani tekscha lazima iwe mraba.

Kwa skrini ya 1920×1080, weka 2048×1024. Inakaribia pikseli moja kwa moja na skrini, kwa hiyo kinachoonekana ndicho ulichotengeneza. Kwa laptopu za 1366×768, 2048×1024 bado inafaa, na 1024×1024 ni nafuu zaidi kwa kumbukumbu ingawa upana utatanuliwa kidogo. Kwa kioo cha zamani cha 1024×768 au 1280×1024, weka 1024×1024.

Kwa nini nisiweke 4096×4096 nikamaliza mambo?

Kwa sababu itaonekana vibaya zaidi. Kadi ya picha inapopunguza tekscha bila mipmapu, kila pikseli ya skrini husoma pikseli nne tu za tekscha zilizo karibu na nukta yake na kuchukua wastani. Ukipunguza 2048 hadi 1366, pikseli karibu zote zinahesabiwa. Ukipunguza 4096 hadi 768 kwa wima, kila hatua inaruka pikseli tano na zaidi, na nyingi hazisomwi kabisa. Nyaya za umeme zinakatika vipande, nywele zinageuka chengachenga, na ukingo wa jengo unakuwa na meno kama msumeno. Kipimo cha kukumbuka: tekscha isizidi mara mbili ya pikseli za skrini, kwa upana na kwa urefu.

Halafu kuna kumbukumbu. Faili lote la LOADSCS.txd huingizwa kwa pamoja, si picha moja moja. Picha ya 4096×4096 isiyobanwa ni MB 64. Zidisha kwa 15 upate MB 960. San Andreas ni programu ya biti 32, haikuumbwa kubeba mzigo huo. Ikijifunga katikati ya kupakia usitafute mchawi.

Watu kwenye picha wamekuwa wanene, au wamebanwa kama wamesimama mlangoni.

Gemu huchukua tekscha na kuinyoosha ijaze skrini. Haijali uwiano wa picha yako. Picha iliyochorwa kwa skrini ya 4:3 ikiwekwa kwenye 16:9, nyuso zinapanuka.

Dawa ni kuipotosha picha mwenyewe kwanza, ili gemu ikiinyoosha irudi sawa. Kata picha iwe na uwiano wa skrini yako, mfano 1920×1080. Kisha badilisha ukubwa hadi 2048×1024 huku umefungua ile kufuli ya uwiano kwenye dirisha la ukubwa. Picha itaonekana imebonyea ndani ya programu. Usiirekebishe, ndivyo inavyotakiwa.

Ili kuhakikisha, fanya jaribio la duara. Kwenye turubai ya 1920×1080 chora duara la kipenyo cha pikseli 900. Likishageuzwa kuwa 2048×1024 litakuwa yai lenye upana wa 960 na urefu wa 853 hivi. Liweke kwenye gemu upime kwa rula juu ya kioo: upana na urefu vikilingana, hesabu yako ni sahihi. Visipolingana, kuna kitu kingine kinachonyoosha. Mara nyingi ni modi (marekebisho ya gemu) ya skrini pana uliyoweka siku nyingi ukaisahau, au mpangilio wa kadi ya picha unaojaza kioo wakati gemu iko kwenye 4:3.

Kwa kuwa kila skrini ina uwiano wake, ukiwasambazia wengine picha zako sema zimetengenezwa kwa uwiano upi.

Kuna vibokisi vidogo vidogo kwenye picha, hasa pembeni mwa maandishi na kwenye nyuso. Vinatoka wapi?

Vyanzo ni viwili na kila kimoja kina sura yake. Kuza picha hadi 400% uhesabu pikseli.

Vibokisi vya 8×8, pamoja na kama vumbi linaloelea kuzunguka herufi, ni vya JPEG. Vilikuwemo kabla hujaigusa TXD. Tafuta picha asilia. Ukiikosa, punguza picha uliyo nayo badala ya kuikuza, maana kupunguza huficha vibokisi.

Vibokisi vya 4×4 ni vya mbano wa DXT1. Mbano huu hugawanya picha katika vipande vya pikseli 16, na kila kipande huruhusiwa rangi mbili tu zilizohifadhiwa, pamoja na nyingine mbili zinazokadiriwa katikati yake. Shati la kijani, ukuta wa njano na ngozi ya mtu vikikutana ndani ya kipande kimoja, rangi nne zilizo kwenye mstari mmoja hazitoshi. Mojawapo inapotea, na mpaka unageuka ngazi yenye uchafu wa rangi.

Dawa ni kuhifadhi bila mbano, kwa muundo wa biti 32 unaoitwa 8888. Gharama yake: 2048×1024 kwa DXT1 ni MB 1, kwa 8888 ni MB 8. Picha zote 15 zikiwa 8888 ni MB 120. Hatupendekezi hivyo kwa mashine yenye RAM ndogo. Chagua: picha zenye maandishi, nyuso kubwa au anga tupu zipewe 8888, zile zenye majani, vumbi, kokoto na umati wa watu zibaki DXT1, kwa sababu jicho halioni vibokisi kwenye vurugu.

Nikitumia DXT5 badala ya DXT1, picha itakuwa bora?

Hapana. DXT5 ni mara mbili kwa ukubwa, lakini nyongeza yote inakwenda kwenye alfa, yaani sehemu inayopitisha mwanga. Rangi zenyewe hubanwa kwa njia ile ile. Picha ya kupakia haina haja ya alfa, kwa hiyo unalipa bure.

Anga ya machweo ina mistari mistari kama ngazi badala ya kufifia polepole.

Rangi hazitoshi. Muundo wa biti 16 una viwango 32 vya nyekundu, 64 vya kijani na 32 vya bluu. Ule wa paleti una rangi 256 kwa picha nzima. DXT1 nayo huhifadhi zile rangi zake mbili kwa viwango hivyo hivyo vya biti 16. Anga inayotoka chungwa hadi zambarau inahitaji hatua nyingi kuliko hizo.

Weka 8888. Kama kumbukumbu hairuhusu, ongeza chengachenga (noise) kidogo, asilimia 1 hadi 2, kwenye eneo la anga tu. Mipaka ya ngazi huvunjika na jicho husoma mfifio laini. Chengachenga ziwe za mwanga tu, zisiwe za rangi, la sivyo anga itaonekana kama ina ukurutu.

Ila angalia kwanza: kama mistari ipo hata kwenye picha uliyoanza nayo, 8888 haitaiondoa. Hapo ni chengachenga au kuchora anga upya.

Nipe mpangilio wa kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

1. Fungua picha asilia kwenye GIMP au Paint.NET. Kama ina tabaka, ziunganishe kuwa moja juu ya rangi ya nyuma isiyopitisha mwanga.
2. Hakikisha ni RGB (nyekundu, kijani na bluu), biti 8 kwa kila rangi, wasifu wa rangi (color profile) wa sRGB, ule wa kawaida wa vioo vya kompyuta.
3. Kata iwe na uwiano wa skrini.
4. Rekebisha mwanga na rangi sasa, si baadaye.
5. Badilisha ukubwa mara moja hadi 2048×1024 au 1024×1024. Kwenye GIMP chagua njia ya NoHalo au Cubic. Usitumie ile isiyo na ulainishaji.
6. Noa kidogo: nusu kipenyo cha pikseli 0.5 hadi 1, nguvu asilimia 30 hadi 50. Ukizidisha utaona mstari mweupe kuzunguka kila kitu, na DXT1 itaukuza mstari huo.
7. Hifadhi kama PNG. JPEG ni mwiko hapa.
8. Kwenye Magic.TXD fungua LOADSCS.txd, bofya loadsc unayotaka, kisha Edit na Replace. Jina libaki lile lile, herufi kwa herufi. Chagua 8888 au DXT1, ondoa tiki ya kutengeneza mipmapu.
9. Hakikisha faili bado limepangwa kwa San Andreas na Direct3D 9, kisha hifadhi.

Hatua ya 5 na ya 6 zisibadilishane nafasi. Ukinoa kwanza halafu ukapunguza, unoaji wote unapotea. Ukinoa kwanza halafu ukakuza, unakuza makovu.

Maandishi niliyoweka hayasomeki.

Yaandike baada ya kubadilisha ukubwa, si kabla. Lakini kumbuka turubai imebonyea: kwa 2048×1024 iliyokusudiwa skrini ya 16:9, kila herufi inapaswa kuongezwa upana kwa asilimia 12.5 ili ikinyooshwa ionekane ya kawaida.

Herufi nyekundu juu ya nyeusi ndizo zinazoteseka kuliko zote. JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, mwanga ukibaki kamili, na nyekundu juu ya nyeusi hutofautiana kwa rangi zaidi kuliko mwanga. Nyeupe au njano yenye ukingo mweusi wa pikseli 2 husomeka hata kwa DXT1. Pia acha kona ya chini kushoto wazi; gemu huchora mstari wa upakiaji pale na utafunika chochote ulichoandika.

Rangi zimebadilika.

Inategemea zimebadilikaje.

Nyuso za bluu na bahari ya rangi ya chungwa: nyekundu na bluu zimebadilishana nafasi. Hutokea programu moja ikiandika mpangilio wa RGBA na nyingine ikasoma BGRA, hasa ukipitia faili la DDS (muundo mwingine wa kuhifadhi tekscha) lililotengenezwa kwingine. Ingiza PNG moja kwa moja.

Rangi zimepauka kidogo: picha ilikuwa na wasifu mpana, kama Display P3 wa picha za iPhone. Gemu haisomi wasifu. Inachukua namba kama zilivyo. Igeuze iwe sRGB. Kugeuza, si kubandika jina la sRGB juu yake, maana kubandika hakubadilishi namba hata moja.

Rangi zimepotoka kabisa, au programu inakataa kufungua: huenda ni CMYK, mpangilio wa rangi za uchapishaji, kutoka kwa mtu wa mabango na kadi za harusi. Mwombe RGB.

Kila kitu kina giza: kama picha ni ya ndani ya gemu, mwangaza unaoongeza kwenye mipangilio hufanyika mwishoni kabisa, picha ikielekea kwenye kioo, na picha uliyonasa haiuchukui. Ongeza mwanga kwenye hatua ya 4.

Inatokea skrini nyeupe badala ya picha, au gemu inajifunga.

Nyeupe: jina halikupatikana. Umeandika loadscr3 badala ya loadsc3, au umefuta picha ya zamani na mpya ikabaki na jina la faili lako. Bonyeza F2 uliandike upya.

Kujifunga: angalia ukubwa wa jumla wa faili kwanza, kisha kama liliwahi kuhifadhiwa kwa gemu nyingine. Rudisha faili asilia. Gemu ikifunguka, weka picha mpya moja moja hadi umpate mkorofi.

Nimehifadhi, lakini gemu bado inaonyesha picha za zamani.

Kama gemu iko ndani ya Program Files, Windows inaweza kuwa imeizuia programu ya zamani kuandika pale na kuliweka faili lako kimya kimya kwenye folda la VirtualStore, ndani ya AppData\Local ya jina lako. Programu ya kuhariri inaliona faili jipya, gemu uliyoifungua kama msimamizi inaliona la zamani, na wewe unaona maajabu. Hamishia gemu kwenye folda la kawaida, mfano C:\Games, utaachana na tatizo hili moja kwa moja.

Kama unatumia Mod Loader, programu inayoingiza mabadiliko bila kugusa mafaili asilia, angalia kama ndani ya folda la modloader kuna loadscs.txd nyingine. Hiyo ndiyo itakayoshinda, hata uhariri ile ya models\txd mara kumi. Mod Loader ndiyo njia tunayoipendelea: tengeneza folda lenye jina lako ndani ya modloader, weka faili humo, na ukichoka nalo lifute. Faili asilia haliguswi.

Rafiki yangu amenitumia mchoro kwa WhatsApp. Unafaa?

Ukitumwa kama picha, haufai. Umepunguzwa na kubanwa upya kwa JPEG njiani. Mwambie autume kama hati. Kitufe ni kile kile cha kuambatisha, achague hati badala ya matunzio, na faili litafika kama lilivyotoka.

Sina picha asilia, nina ndogo ya 640×360 tu. Nikuze kwa akili bandia?

Inawezekana, na Real-ESRGAN na waifu2x hufanya kazi hii bila malipo. waifu2x hupendelea michoro yenye mistari safi kama katuni. Real-ESRGAN huvumilia zaidi picha zilizoharibiwa na JPEG. Ondoa vibokisi kwanza, kuza mara 4 upate 2560×1440, kisha punguza hadi 2048×1024. Kuzidisha na kurudi chini hulainisha makosa. Chunguza macho, vidole na maandishi: programu hizi hubuni kisichokuwepo, na kibao cha barabarani kinaweza kurudi na herufi za lugha isiyojulikana duniani. Sehemu hizo zichore mwenyewe kwa mkono.

Faili hili litafanya kazi kwenye simu, au kwenye Definitive Edition?

Hapana kwa zote mbili. Toleo la Android huhifadhi tekscha zake katika mafaili ya texdb, si TXD. Definitive Edition ya 2021 imejengwa upya juu ya Unreal Engine na inatumia mafaili ya pak. PNG zako za hatua ya 7 ndizo zitakazokufaa huko, kwa hiyo usizifute baada ya kuziingiza.